Jina la Marehemu Halishiki Kwenye Plastiki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usiniambie nirudishe boti dukani maana hilo sitalifanya. Mimi ni mjane, nimezaliwa Matiri, mlimani kwenye kahawa, nikaolewa huku Ngumbo ziwani, na marehemu mume wangu Egidi aliniachia boti ya faiba yenye jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu, nami na binti yangu Anjelina tukawa tunavulia usipa, dagaa wa ziwa letu, lakini ufukwe wetu ni mawe matupu, wimbi likiipigiza inapasuka, tunaziba hapa inafunguka pale, mpaka mwaka huu ikapasuka tumbo lote likabaki kasia la mbao tu, basi nikauza kahawa ya shamba alilonipa baba nikanunua boti ndogo ya plastiki, ambayo ikigonga jiwe inabonyea kidogo halafu inarudi ilivyokuwa. Ugomvi ulianza tulipotaka kuandika jina. Rangi haishiki kwenye plastiki, tumepaka tena na tena, ikikauka inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na shemeji yangu Urbani anasema nimemfuta kaka yake, ninunue faiba la sivyo ukoo utanitenga, eti mtu wa mlimani anajua nini cha ziwa, na Jumapili baada ya misa akaiita boti yangu beseni mbele ya watu, nami nikamwambia, "Beseni ndilo lililokuogesha, shemeji." Watu walicheka, mama mkwe hakucheka. Tangu siku hiyo haitikii shikamoo yangu, na hilo ndilo linaloniuma, maana Egidi nilimpenda na sitaki mama yake aamini nimemfuta. Je, nimekosea?

Marselina, Ngumbo

Marselina, pole kwa kufiwa, na hongera kwa huo mdomo. Barua yako haitafuti ushauri, inatafuta mtu wa kukusaidia kugombana. Nimekubali, ila tugombane kwa akili.

Boti usirudishe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Urbani hayupo mnapoivuta juu ya mawe wewe na binti yako. Ukoo ukitaka faiba, uje nayo pamoja na mtu wa kuiziba. Lakini usijidanganye, plastiki nayo ina adui wake, jua. Ijengee kibanda cha nyasi, usiisogeze karibu na moto wa kubanikia samaki, na usiipigilie msumari ili kutundika kibao cha jina. Tena msiingie ziwani bila jaketi okozi, mjane hana haja ya kuongeza msiba.

Sasa hilo beseni. Ulimlenga Urbani ukampiga mama yake, kwa sababu aliyemwogesha ni yeye, na Egidi aliogeshwa humohumo. Hapo umekosea. Nenda peke yako, piga goti, uombe radhi kwa neno hilo moja. Kwa boti usiombe radhi.

Na unapokwenda, beba kasia la Egidi. Mbao inashika rangi. Mwombe mama mkwe achague rangi ya kuandikia jina la mwanawe, mliandike pamoja. Boti inaelea tu, kinachoipeleka ni kasia. Urbani akitaka kulisoma jina la kaka yake, apande apige kasia.