Barafu Mwisho

Samia, uko?

Leo mchana, chakula cha Jumapili ukweni. Mume wangu akamwambia mwanangu Wadih atumiminie araki, ile pombe yao kali. Mtoto wa miaka kumi na nne! Nikasema moyoni, anamimina tu.

Shoga, akatia araki, akatia maji, barafu mwisho, kama mnywaji mzoefu. Raundi ya pili akabadilisha glasi zote, maana araki hainywewi mara mbili kwenye glasi moja, bila kuambiwa. BILA KUAMBIWA, Samia!

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?" Babu yake akacheka: "Mimi, tangu ana miaka kumi. Mwanaume wa nyumba hii hajifunzii kunywa barabarani."

Nikamgeukia mume wangu. "Usikuze mambo, Mama Wadih. Sote tulianza hivyo."

Sote! Kumbe mama mkwe anajua, mawifi wanajua, mjinga ni mimi peke yangu.

Na siku ile niliyomnusa Wadih pombe mdomoni, ni huyu huyu mume wangu aliyeniambia, "Sharbel ndiye anamharibu." Sharbel mwanao! Nikaja kumtukana mlangoni kwako, majirani wanasikia, Wadih amesimama nyuma yangu kimya. Na wewe bado ukanipigia simu kesho yake.

Niko hapa chini kwenye ngazi zako. Tafadhali, mwambie Sharbel aje anifungulie yeye.