Kinjia cha Kuelekea Darajani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Baridi. Nimemtoa Mama kabla ya chai, kama kila siku. Amevaa sweta yangu juu ya yake. Tumefika kwenye mkaratusi, tukapumzika, tukarudi. Mguu wa kushoto bado anauburuta. Mkono wa kushoto haushiki kitu. Lakini wiki iliyopita hatukufika mkaratusi.

Tangu ugonjwa umpige upande mmoja mwezi wa nne, daktari amesema jambo moja tu nililolielewa: atembee kila siku, la sivyo mguu utasahau. Basi tunatembea. Barabarani hawezi. Malori ya viwandani hayamngojei mtu mwenye fimbo. Kimebaki kinjia hiki, udongo mtupu, tambarare, kuanzia nyuma ya nyumba zetu hapa Lucky Summer, kando ya mashamba ya sukuma wiki, mpaka daraja la mbao. Ng'ambo ni Baba Dogo, ninakofanya kazi. Nikishamrudisha Mama nyumbani napita hapo hapo tena, mbio.

Leo kuna vijiti vyenye utepe mwekundu katikati ya kinjia. Sikuvipenda.

Jumatano, 5 Juni

Vijiti ni vya ploti. Kumbe kuna mwenye ploti. Hakuna anayemjua. Alikuja na gari jeupe, akasimama akivihurumia viatu vyake, akaonyesha kwa kidole. Ukuta utapita pale, yaani juu ya kinjia chenyewe. Tumepita hapa tangu nihamie, na walionitangulia walipita. Leo ndiyo tunaambiwa tulikuwa wezi wa njia.

Nimekasirika mpaka nikaunguza ugali. Mama ameula wote, na hilo limenikasirisha zaidi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeomba ruhusa kiwandani nikaenda kwa chifu. Benchi, asubuhi nzima. Amenisikiliza akichokonoa meno.

"Mama, hiyo ni ploti ya mtu. Barabara si iko? Tumieni barabara."

Nikamweleza kuhusu mguu wa Mama. Akasema pole. Pole yake siwezi kuikanyaga nikaenda nayo popote.

Diwani hayupo. Diwani hayupo tangu siku tulipompigia kura.

Jumatatu, 10 Juni

Wamechimba msingi, kutoka ukingo wa mto mpaka ua wa kiwanda cha rangi. Mtaro wa kufika kiunoni. Umekata kinjia vipande viwili.

Fundi mkuu ni Njoroge. Njoroge wetu, wa nyumba ya tatu kutoka kwangu! Nimemwuliza mbele ya wenzake kama haoni haya.

"Mathe, mimi naweka mawe tu," akasema, kama vijana wanavyowaita mama zao. "Mdosi akisema hapa, ni hapa. Nikikataa, kesho analeta msee mwingine."

Nikampa kisogo, nikaenda zangu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mafundi wenyewe wameweka ubao juu ya mtaro. Wengi wanakaa upande wetu, na saa ya githeri wote wanakuja kula kibandani kwetu. Basi kila mtu anapita kwenye ubao wao, mimi mmojawapo. Mama hawezi. Nilimshika kiuno, akaweka mguu mmoja, ubao ukacheza, akarudi nyuma. Tumeishia hapo. Njia nzima ya kurudi hakunitazama.

Alhamisi, 13 Juni

Mawe yamefika kifuani pande zote mbili. Katikati wameacha pengo, pale penye ubao. Mafundi hawajifungii nje ya chakula chao. Tena wamejaza udongo chini, toroli lipite, kwa hiyo hata Mama anapita. Tumefika mkaratusi! Ameupiga mti kofi kama anayesalimia ng'ombe wake.

Ni la muda tu. Njoroge ameniambia kwa sauti ya chini: pengo linazibwa Jumapili. Mdosi wake, yule mwenye ploti, ameichagua siku hiyo makusudi. Ofisi zimefungwa, watu wako makanisani, kinjia kitupu, nani atapiga kelele?

Nimekaa jikoni na hasira zangu. Halafu nikaanza kucheka peke yangu. Jumapili! Mtu yule hajalala huku hata siku moja. Jumapili kinjia hiki ni cha watu wa vilemba, waumini wa lile kanisa la ngoma hapa mtaani. Baada ya ibada wanashuka kwa mstari, kanzu nyeupe, ngoma mbele, wanavuka daraja, wanazunguka Baba Dogo na kurudi kwa barabara. Na wana desturi moja ambayo haijawahi kubadilika kwa mvua wala kwa matope: mstari ukishatoka kanisani haugeuki nyuma. Unakwenda mbele mpaka umalize mzunguko.

Lazima waambiwe watoke mapema, kabla pengo halijazibwa, na hapo nina tatizo moja. Anayepiga hiyo ngoma ni mama yake Njoroge. Na mama yake Njoroge hasemi nami.

Ijumaa, 14 Juni

Hizo ngoma. Mwaka jana nilizishtaki kwa chifu huyu huyu, kwa sababu zinaanza alfajiri na Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala. Mpaka leo naona nilikuwa na haki. Lakini jioni hii nimevaa leso safi, nimebeba ndizi, nimebisha kwake. Ameniangalia kutoka kichwani hadi vidoleni.

"Ni wewe, jirani? Umekuja kushtaki nini sasa, kikohozi?"

Nikaimeza dhihaka hiyo. Nikamweleza yote: ukuta, pengo, Jumapili, mguu wa Mama. Sikutaja nani anajenga. Anajua. Akamenya ndizi yangu, akaila yote.

"Sisi hatupigani na mtu," akasema. "Hata jiwe hatuwezi kutupa. Ni kutembea tu."

Nikasema ndicho ninachotaka.

"Basi mama yako pia akuje. Nyuma ya ngoma. Na si kubebwa, ni kwa miguu yake."

Nimerudi nyumbani naogopa. Nilikwenda kuomba msaada, nimerudi na kazi. Nilipomwambia Mama, jibu lake lilikuwa kuuliza kama gauni la maua ni safi.

Jumapili, 16 Juni

Sijaenda kanisani kwetu. Mungu ananiona na anajua nilikokuwa.

Mama na gauni lake la maua katikati ya kanzu nyeupe. Tukapangwa nyuma ya ngoma. Nilikuwa na hakika ataanguka kabla ya mashamba ya sukuma.

Ngoma ikaanza, na mguu ukaacha kuburutwa. Sijui niandike vipi. Haukunyanyuka sana, lakini ulinyanyuka. Ngoma, mguu. Ngoma, fimbo. Wiki zote hizi mimi nimekuwa nikimnong'oneza "pole pole, Mama, pole pole," kama mgonjwa. Kumbe mguu ulitaka kuamrishwa! Nilizichukia ngoma zile mwaka mzima. Leo ningezipiga mwenyewe.

Tulipofika ukutani pengo lilikuwa limezibwa mpaka magotini. Gari jeupe lilikuwepo. Mwenye ploti akatoka, mikono juu, akituambia turudi. Mstari ukasimama. Kurudi haukurudi. Walikanyaga papo hapo wakiimba, wa nyuma wakisogea mbele, mpaka hapakuwa na nafasi ya kugeuza koleo. Akafoka. Akasema ataita polisi. Wakaimba. Jua likapanda, wakaimba. Mama akaketi juu ya rundo la mawe, akavuta pumzi, kisha akasimama tena bila kuambiwa na mtu.

Njoroge alikuwa juu ya ukuta, mwiko mkononi. Mama yake chini yake, na ngoma. Hakumtazama hata kidogo. Alipiga tu. Nilimhurumia yule kijana, na sikutegemea kumhurumia.

Mwishowe mwenye ploti akamfokea aweke jiwe. Njoroge akavua kofia.

"Zii, mdosi. Siwezi fungia mathe yangu nje. Weka wewe."

Akashuka. Akaanza kutoa mawe aliyoyapanga asubuhi, simiti ikiwa bado mbichi. Wenzake wakamsaidia. Mwenye ploti aliutazama mwiko uliobaki ukutani, lakini hakuushika.

Tukapita. Mama alikwenda nao mpaka mkaratusi, hapo tukaketi tukawaacha waendelee. Nililia mbele ya watu wale wote. Sijali.

Jumanne, 18 Juni

Njoroge amefutwa kazi. Mama yake ameniambia akianika nguo, bila kulalamika. Imeniuma. Nimezungumza na foremani wetu, sakafu ya stoo imepasuka na wanatafuta fundi. Amesema aje aonekane. Si ahadi, lakini nitamkumbusha kesho, na kesho kutwa, mpaka anichoke.

Mafundi wapya wameletwa kutoka Mukuru kwa Reuben. Nilikwenda na Mama nikiwa tayari kwa vita. Wamepandisha ukuta juu ya vichwa, ila pengo wameliacha. Nikauliza kulikoni.

"Tumeskia Jumapili kuna ngoma," mmoja akasema. Mwingine akaongeza kwamba githeri iko upande wetu.

Alhamisi, 27 Juni

Njoroge ameanza stooni. Gari jeupe halijaonekana. Sijashangilia. Mtu wa aina ile huenda kutafuta njia nyingine, nasi tutatafuta yetu.

Mama ameniambia leo nikiachilia kiwiko chake atatembea vizuri zaidi. Nimekataa. Tumegombana njia nzima.

Jumatatu, 8 Julai

Ukuta umekwisha. Mrefu, wa kijivu, na pengo lake. Wanasema utawekwa mlango. Ukiwekwa, tutaonana nao.

Nimeamka nikakuta kitanda cha Mama kimetandikwa. Nilitoka bila sweta. Nikamwona mbele, ameshapita ukuta, umande kwenye pindo la gauni. Sikumwita. Angegeuka, na akigeuka ghafla huyumba. Nikamfuata taratibu. Nyuma yangu watu wa kazini wakaanza kujipanga, mmoja mmoja, na hakuna aliyesema ongeza mwendo.

Alikwenda mpaka darajani. Hatujawahi kufika huko. Akashika mbao za kando, akasogea pembeni.

"Pita, Nafula. Utachelewa."

Nilipita. Nilimwacha arudi peke yake, na sikugeuka kumtazama, ingawa shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka.

Nilikuwa nimeshachelewa. Foremani akauliza kwa nini. Nikamwambia kinjia ni chembamba, na mama yangu alikuwa mbele.