Kobe Amenyamaza, na Mimi Naogopa Kubonyeza

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Naomba unishike mkono, maana nimefika mahali ambapo kidole changu mwenyewe kinanikataa, na sifanyi mzaha, nikikipeleka kwenye kitufe kinasimama hewani kama cha mtu mwingine.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mume wangu ni fundi wa majokofu, na kazi yangu ni kutunza kompyuta za chuo kimoja cha ufundi. Miaka kumi iliyopita nilichoka kukimbizana na seva tatu za chuo, na seva, Mama, ni kompyuta isiyozimwa, inakaa chumbani peke yake ikimpa kila anayeuliza ukurasa au kumbukumbu anazotaka, basi nikaandika programu ndogo ya kunisaidia kuzitunza, nikaiita Bawabu, ambayo hata mtu asiye fundi akiifungua anaona seva yake ni nzima au inaumwa, anafungua tovuti mpya, anatunza nakala, yote kwa kubonyeza. Nikaiweka mtandaoni iwe programu huria, yaani yeyote aichukue bure, aone ilivyoandikwa ndani, airekebishe akitaka, na sikutegemea mtu, nilifanya kama unavyoacha kiti kizuri nje ya nyumba ukisema labda kuna atakayekihitaji.

Mwaka wa kwanza akatokea mtu mmoja anayejiita Kobe. Akaanza kunirekebishia makosa, taratibu mno, lakini akishapitisha kitu hakiharibiki tena, na kwa miaka tisa hakuna toleo jipya la Bawabu lililotoka bila Kobe kulisoma mstari kwa mstari. Tulikuwa tunaandikiana kwa Kiingereza cha kiofisi, sijawahi kusikia sauti yake, na alikuwa na tabia moja tu ya ajabu, kwamba nikimtumia picha ya skrini anajibu, "Tafadhali nieleze kwa maneno." Nilidhani ni ukali wa wataalamu. Kwa ajili yake nikazoea kueleza kila kitu kwa maneno, mpaka maelezo ya Bawabu yakawa yanasifiwa kwa kueleweka.

Mwezi uliopita Kobe alinyamaza. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaona nimesubiri vya kutosha, Jumanne saa tatu asubuhi nikaachia toleo jipya bila yeye. Lilikuwa na kosa la mstari mmoja, seva ilijizima ili ijisasishe na kama jina la folda lilikuwa na nafasi katikati haikuwaka tena. Nilihangaika mpaka saa sita mchana kulipata, nikatoa marekebisho, na saa saba ndipo nilipofungua sanduku la barua.

Mama, mimi nilidhani Bawabu ina watumiaji labda mia moja, vijana wa vyuo na watu wa blogu. Nilikuta ujumbe mia mbili na kumi. Wa kwanza ulisema, "Hapa ni maabara ya hospitali. Tumeandika majibu ya damu kwa mkono asubuhi nzima, hakuna aliyedhurika, tunaomba tu utuambie kama tuendelee kuandika." Uliofuata ulitoka kwa watu wanaopima kina cha mto na kuvitumia onyo vijiji vya chini maji yakipanda. Kulikuwa na shule ya viziwi, masomo yao yote ya video yamekaa ndani ya Bawabu. Kulikuwa na mzee anayetunza kamusi ya lugha inayozungumzwa na watu wasiofika mia tatu, akaniandikia kwamba maneno ya mama yake yamo humo na hayamo kwingine popote duniani. Na karibu wote walikuwa wananishukuru. Waliniambia pole! Niliinuka kwenye kiti nikaenda kukaa sakafuni, mgongo ukutani, nikizitazama zile seva tatu zinavyopepesa vitaa vyake kama kawaida, na nilihisi kitu ambacho sijakihisi tangu nilipoambiwa nina ujauzito wa kwanza.

Nikamwandikia Kobe tena, safari hii nikasema nina hofu juu yake yeye mwenyewe. Akajibu mkewe, kwa Kiswahili! Akanipa namba ya simu, na kumbe kwa basi ni mwendo wa saa mbili tu kutoka kwangu, miaka tisa tunaandikiana kama watu wa sayari mbili. Jumamosi nikaenda.

Mkewe ni mshonaji. Alinipokea na futi ya kupimia shingoni, akanipitisha kwenye chumba ambacho mapazia yamefungwa mchana kweupe, na mezani kuna kompyuta ambayo skrini yake haijawashwa. Mzee wa miaka sitini na sita akasimama, akanyoosha mkono pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Kumbe ni mwanamke. Miaka tisa nakuita bwana."

"Na mimi miaka tisa nadhani unaona," nikasema, na neno lilipotoka nilitamani nilimeze. Yeye alicheka mpaka mkewe akachungulia.

Amekuwa kipofu tangu ana miaka saba. Alikuwa opereta wa simu mpaka mitambo ya ofisi yao ilipobadilishwa, na kompyuta alijifunza kwa kuisikiliza. Nilimwomba anionyeshe. Akafungua toleo langu lile lenye kosa, na kile kifaa kikaanza kumsomea, Mama, kwa mwendo ambao mimi nilisikia tu kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Akainamisha sikio la kushoto mpaka likagusa spika. Akarudisha mstari mmoja mara tano. "Hapa," akasema. "Jina la folda hukulifungia alama za kunukuu." Hata dakika mbili hazikufika. Mimi mwenye macho yangu mawili nilitumia saa tatu. Nilikaa pale nikifikiria kila mstari aliowahi kunirekebishia, maelfu kwa maelfu, yote imepita kwenye sikio la mtu huyu gizani, na maabara, na mto, na kamusi ya yule mzee, vyote vimesimama juu yake na hakuna anayejua.

Lakini yeye hakufurahi. "Zamani ningelipata mara ya kwanza," akasema. "Sikio la kulia lilikufa mwaka jana, la kushoto nalo linaaga. Alama mbili tofauti zinanifikia kwa sauti moja. Siwezi kuweka jina langu kwenye kazi ninayoisikia nusu. Sasa ni wewe."

Nilirudi nyumbani nimebeba neno hilo, na siku ya pili tu mtafiti mmoja wa usalama akaniandikia kwa siri kwamba Bawabu ina tundu, mtu mbaya anaweza kuingia kwenye seva yoyote bila neno la siri, akanipa siku thelathini kabla hajalitangaza. Tundu nimeliziba kwa siku mbili. Toleo liko tayari, na leo ni siku ya kumi na tatu liko tayari. Kila nikitaka kulitoa namwona yule wa maabara ameshika kalamu. Mume wangu ananihurumia, anasema, "Mimi nikikosea friji, maziwa ya nyumba moja yanachacha. Wewe ukikosea, acha tu, mke wangu. Funga hilo duka upumzike." Tangazo la kuaga nimeshaliandika. Nifunge? Nimpe nani? Au nifanye nini, Mama, kwa kitu ambacho kimenizidi ukubwa hivi?

Wako,
Mwenye Kidole Kizito

*

Mwenye Kidole Kizito,

Marahaba, mwanangu. Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii imekaa kwenye droo yangu wiki tano kwa makusudi. Ningeichapa siku ilipofika ningekuwa nimewatangazia wezi kwamba mlango uko wazi. Jina la chombo nalo nimelibadilisha.

Mimi seva sizijui. Nilishuka na barua yako ghorofa ya chini kwa fundi wetu wa mitambo ili anifafanulie. Alisoma, akafika katikati, akasimama wima kama ameingia mkuu wa kazi. "Mama, hii umeipata wapi?" Akanigeuzia skrini yake. Gazeti hili, mwanangu, pamoja na safu hii na kila jibu nililowahi kumpa mtu kwa miaka sita, vinatunzwa na chombo chako. "Kila asubuhi nikiingia nakifungua hiki kabla sijavua koti," akasema, "na sikuwahi kujiuliza kama kimetengenezwa na mtu." Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kujua majibu yangu yanalala wapi.

Kisha nikakupigia simu. Uliyoyasikia kwa ukali nayarudia hapa kwa upole, ili wengine wayapate.

Pole kwa mzigo. Hofu yako ni akili timamu, na ningeogopa zaidi kama usingeogopa. Lakini siku kumi na tatu! Dawa umeshaichanganya, iko kabatini, na wewe umekaa unastaajabia ukubwa wa hospitali. Ungefunga duka, je, tundu lingejiziba? Lingebaki wazi kwenye seva zote hizo, na mwenye ufunguo ndiyo kwanza ameondoka. Kuaga kwa namna hiyo ni kukimbia, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Na kingine, ulihesabu barua mia mbili na kumi ukaona mia mbili na kumi za kukulaumu, ilhali umeniandikia mwenyewe kwamba walikushukuru. Hao ni wenzako. Nilikuambia uwaandikie watano wenye mashine ya akiba, uwaulize nani atakubali kulijaribu toleo kabla ya wengine. Uliniambia wa maabara alijibu baada ya dakika nne, "Anza na sisi." Yule uliyemwogopa kuliko wote! Watu wa mto wakagundua kasoro ndogo kwenye mashine yao ya akiba, ukairekebisha, na Alhamisi saa nne asubuhi ukabonyeza, mumeo amesimama nyuma yako na bisibisi mkononi kana kwamba ingesaidia. Mpaka jioni hakuna aliyezimikiwa. Mtafiti alitangaza tundu lake siku ya thelathini, na wezi walikuta limezibwa.

Sasa msitulie. Hakuna toleo kutoka tena bila kupita kwa wale watano kwanza. Funguo za Bawabu zishikwe na watu watatu, usizishike peke yako, na fundi wetu wa ghorofa ya chini ameomba nikuandikie kwamba yuko tayari kuwa mmoja wao, mpime kama unavyompima mtu yeyote. Mumeo mwambie huruma yake tumeipokea, ila duka halifungwi.

Limebaki la Kobe, na hapa nilikugombeza kwa haki. Ulikaa na yule mzee siku nzima ukilia moyoni, na hukumuuliza swali moja la maana: kabla ya kompyuta kumsemesha, alisomaje? Ulipomuuliza ukaambiwa alifundishwa shuleni kusoma nukta nundu, maandishi ya wasioona, kwa vidole, akaziacha zaidi ya miaka thelathini. Kipo kibao cha kompyuta kinachoinua nukta hizo chini ya vidole. Mkewe hushonea sare shule moja ya wasioona, wakamwazima kimoja. Aliniambia mwenyewe kwenye simu kwamba wiki ya kwanza mumewe alikitupia taulo, akasema vidole vyake vimekuwa vya mbao. Wiki ya pili akakifunua.

Juzi umenitumia ujumbe kwamba Kobe ameandika. Amelisoma lile toleo la kuziba tundu, kwa vidole, mwanzo mpaka mwisho, siku tisa, mstari mmoja kwa muda ambao zamani angemaliza ukurasa. Hakueleza habari za vidole wala za masikio. Ameandika hivi tu: "Mstari wa arobaini na mbili hauna kazi. Uondoe." Na chini yake ameweka jina lake.

Umeniuliza umjibu nini. Usimjibu kitu kirefu, mwanangu. Uondoe huo mstari.