Nimelia Msibani kwa Mdogo Wangu, Kanifukuza

Mshauri wangu, nishike mkono maana kwetu hakuna anayenisikiliza. Mimi ni fundi cherehani, na mdogo wangu, niliyemlea mwenyewe tangu mama alipoanza kuugua, amefiwa na mtoto aliyemzaa juzijuzi tu, nami niliposikia nikaacha gauni la harusi la watu mezani nikakimbilia kwake, nikaketi mlangoni nipokee wageni, nikalia mpaka sauti ikakauka, lakini kila anayeingia ananiruka anakwenda chumbani kwake, hata pole hawanipi, kana kwamba mimi si mama mkubwa wa marehemu, ndipo nikaingia nikawasimulia nilivyoponea chupuchupu nilipojifungua mwanangu, ili mdogo wangu ajue hayuko peke yake, wageni wakaanza kunisikiliza vizuri, mara yeye akageukia ukutani akasema, “Dada, nakuomba nenda kwako, na usije tena.” Mbele za watu! Nguo nyeusi niliyoishona kwa ajili yake hata hakuitazama. Sasa nikipiga simu shemeji anasema amelala, na mama kanigeuka, ati nimwache apumue. Nifanyeje mdogo wangu ajue amenikosea, aniombe radhi?

Dada Aliyetupwa

Dada, pole. Naitanguliza kwa sababu umeililia sana, na naamini kweli unaumia.

Sasa nisikilize. Nimesoma barua yote nikitafuta kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, sikuona. Nguo yako nimeijua rangi, uzazi wako nimesimuliwa, marehemu humo hayumo. Mwenzio maziwa yanamtoka na hana wa kumnyonyesha, wewe uko mlangoni unaangalia nani kakuruka! Kimbelembele gani hicho? Na wageni walipokugeukia ulifurahi, usinikatalie, umeandika mwenyewe.

Sikuiti mtu mbaya. Ila kila jambo likitokea unajitafuta wewe uko wapi ndani yake, na kwa mwendo huo utampoteza mdogo wako. Huenda umeshampoteza, siwezi kukudanganya.

Radhi ukaombe wewe. Mtume mama aseme tu, “Dada anasema amekukosea.” Usijieleze, usitaje ulivyomlea. Simu acha kabisa. Akikuita, nenda ukafue, uoshe vyombo, unyamaze. Akitaka kumtaja mwanawe, msikilize, hata akirudia yale yale kila siku.

Na asipokuita, kaa kwako, wala usimwambie mtu yeyote kwamba unasubiri.