Alama kwa Jibu la Ovyo

Jumatano, Novemba 1998. Durban. Joto la kunata, shati limegandamana na mgongo tangu asubuhi. Aibu imezidi joto.

Nianze na ile kanda. Mwingereza mmoja aliyehama jengo letu hapa mtaa wa Point aliniachia kanda ya video ya kipindi cha vichekesho cha kwao. Watu wanne wameketi nyuma ya meza, mwendeshaji anawauliza maswali, nao wanajibu upuuzi mtupu kwa nyuso za msibani. Anayeharibu zaidi ndiye anayepewa alama. Mmoja aliulizwa angefanya nini maji yakifurika jikoni. Akasema angeyauliza kama yana miadi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nakipenda kipindi kile kuliko ninavyotaka kukiri. Sisi wageni tunaulizwa maswali kutwa: umetoka wapi, unakaa na nani, utarudi lini. Jibu likienda kombo, umekwisha. Kumbe kuna mahali duniani ambapo jibu la ovyo linapigiwa makofi! Nacheka hata nisipoelewa, na sehemu kubwa sielewi.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Papa Mado, Mkongo ninayeishi naye chumba kimoja, huitazama kanda hiyo pamoja nami ili anyooshe Kiingereza chake. Ananiita Mwalimu, kwa kuwa nimetoka Tanzania kuja kusoma chuo hapa. Basi aliponiuliza wale watu wanachekwa kwa nini, Mwalimu angesemaje hajui? Nikajikohoza. Nikamwambia Waingereza humpima mtu kwa jibu wasilolitarajia, ukiwachekesha umeshinda. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelekezwa dawa.

Jumatatu akaenda Mobeni, eneo la viwanda, kuomba kazi ya ghala. Mkewe na binti yao Mado bado wako Lubumbashi, wanasubiri apate mshahara awalete. Alirudi anang'aa, kaninunulia na samaki wa kukaanga.

"Mwalimu, balicheka mpaka machozi! Baliniuliza moto ikiwaka nitafanya nini. Nikasema nitauliza moto kama iko na rendez-vous. Balisema batapiga simu."

Nikala samaki wake. Nikampa hongera.

Hongera! Mdomo huu.

Namba aliyowaachia ni ya duka hili la simu ninamoandikia, kwenye kompyuta ya pembeni. Yeye ameketi pale karibu na simu tangu jana, tai shingoni. Ikilia anasimama. Akisimama, mimi nainamisha kichwa. Mwenye duka amemwonea huruma, kamsogezea kiti chenye mto. Sasa hivi Papa Mado ameniona namtazama, akaniinulia kidole gumba.

Nimejaribu kujitetea kwamba sikumtuma akaseme vile. Lakini nilimtuma. Niliona afadhali apotee yeye kuliko mimi nionekane sijui kitu, na huo ndio ukweli wote.

Nikimaliza mstari huu nainuka. Nitamwambia simu anayoingoja haitalia, na kwamba kesho twende wote Mobeni, nikawaeleze mimi kwamba mjinga hakuwa yeye. Labda watamsikiliza upya, labda watatufukuza wote wawili. Najua ataniuliza, basi wale wa kwenye kanda huchekwa kwa nini?

Nitampa jibu ambalo sijathubutu kumpa mtu tangu nifike Durban.

Sijui, Papa Mado. Sijui.