Kigoda Kilichosogea Mlangoni

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu zinafika, lakini ulitulea hivyo, salamu kwanza.

Nakumbuka mwaka ule wa Uhuru kule milimani Mhezi, ulipoamka asubuhi ukatugawia jiko. Hukutuuliza. Kajiru, ambaye bado alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti, ukampa kuchambua maharage na kutia chumvi. Eliya ukampa moto na maji. Mimi mkubwa ukanipa kinu na mwiko. Makande ya siku ya kwanza yalikuwa na mawe, tukacheka mpaka Kajiru akanuna.

Wewe ulikaa karibu na mafiga, ukituelekeza kwa kidole. Baadaye nikaona kigoda chako kimesogea nyuma kidogo, kisha kikasogea tena. Eliya akakuuliza, "Mama, mbona unakaa mbali na moto?"

"Leo moto ni mkali," ukasema.

Mama, ulikuwa msimu wa ukungu, hata mbuzi walikataa kutoka. Nani Mhezi aliwahi kuukimbia moto wakati ule? Niliogopa, nikaendelea kukoroga.

Nilikukasirikia pia. Niliweza kupika peke yangu, wewe ukanikatalia. Siku moja nilishika chumvi, ukanifokea mpaka ukashikwa na kikohozi: "Chumvi ni ya Kajiru! Kila mtu na chake!" Nikaona una upendeleo. Kigoda kilipofika mlangoni hukuonja tena chakula chetu, ulikuwa unatusikiliza tu.

Baba alikuwa ameshapotelea kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo tulipokuzika, mjomba ndiye aliyekuja kutugawa. Eliya aende Myamba akachunge mbuzi, Kajiru apelekwe kwa shangazi Vudee, mimi nibaki na bibi. Wakati wakubwa wanayapanga hayo uani, sisi tuliingia jikoni, maana saa ya kupika ilikuwa imefika. Hatukuambizana chochote. Mjomba alipoanza kula akauliza, "Nani katia chumvi hapa?" Kajiru akanyoosha mkono. "Na moto?" Eliya akasimama. Mjomba akamaliza bakuli lake, kisha akamwambia bibi, "Hawa tusiwatenganishe. Watakaa hapa hapa na wewe." Ndipo nilipoelewa kwa nini ulimpa kila mmoja chake, kisha ukasogea mlangoni, nikalia kuliko nilivyolia kaburini.

Sasa niko huku chini, tambarare ya Same, kwenye kijiji cha ujamaa ambako nyumba zetu zimepangwa mstari. Wanangu ni watatu, kama sisi. Baba yao ametangulia mbele ya haki. Na mimi nimeanza kukohoa, kikohozi kile kile chako. Mganga wa zahanati amenipa vidonge, lakini nilipomuuliza nitapona lini, aliinama akaanza kufuta meza. Naogopa, mama. Siogopi kaburi, naogopa watakaokaa uani kuwagawa wanangu.

Nimewaita jikoni. Mkubwa nimempa mwiko, wa kati moto, na mdogo nimemkabidhi chumvi, anatembea nayo kama mwenyekiti wa kijiji. Jana nilisogeza kigoda nyuma kidogo tu, na yeye ndiye aliyeona.

"Mama, mbona unakaa mbali na moto?"

"Leo moto ni mkali," nikamwambia.

Huku joto ni la kweli, mama. Aliniamini upesi.

Niwekee nafasi karibu yako, ila nakuomba usiniite bado. Mdogo anazidisha chumvi.

Binti yako mkubwa,
Nakunda