Matembezi na Kaka Mwenye Gari

Mdogo wangu uliyebaki na Mama,

Nimefika salama. Baridi ya huku ina nafuu kuliko majivuno ya kaka yetu. Ametuzungusha mimi na mkewe nchi nzima kwa gari lake, kila mji akisimama kupigwa picha mbele ya majumba yasiyo yake, na mezani akinifundisha kushika uma.

Jana wifi aliniuliza kwa upole, "Mama yenu alifariki kwa ugonjwa gani?"

Kaka akainamia sahani. Kumbe amemzika Mama angali hai, asije akaulizwa kwa nini haendi kumwona.

Sikubishana naye. Nilimpigia Mama palepale, nikampa wifi simu. Wifi alisalimia, akalia. Kaka akatoka kwenda kuosha gari safi.

Mama anadhani mkwewe alilia kwa furaha. Mwache adhani hivyo.

Mimi dada yako